Fundo la Utosini

Jumatatu, 5 Juni 2023

Mjukuu wangu Amaya kaja na karatasi. Eti Jumamosi wasichana weusi wa hapa Birmingham wanapelekwa kupanda miamba. Bure! Viatu bure, kamba bure, chakula bure. Miaka sitini na nane ndani ya Alabama hii, sijaona anayempa mtoto wetu kitu bila kutaka kitu. Wanataka nini? Na mama yake ameshasaini — binti yangu wa kumzaa, wala hakuniuliza. Nikamwambia mtoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kacheka. "Guu litafungwa kamba, Bibi!" Mdomo huo kaurithi kwangu.

Jumatano, 7 Juni

Kiongozi wao kapita nyumbani. Bi Tolliver. Mweusi mwenzetu — sasa ulidhani watamtuma nani? Nikamuuliza, huyo mpiga picha aliyetajwa kwenye karatasi ni wa nini? Eti wasichana wengine waone kwamba huko nako ni kwao. Mmh. Nikamwambia baba yangu alikuwa akisema: msituni sisi hatuendi kutembea, tunaingia tukikimbizwa. Hakubisha. Hata babu yake, anasema, alisema hivyohivyo. Mtu anayekubali upesi simwamini. Na vipande vitatu vya mkate wangu wa mahindi kavimaliza! Kaacha sharti moja: nywele zisukwe bapa, helmeti iingie.

Ijumaa, 9 Juni

Nimemsuka. Saa tatu nzima kati ya magoti yangu, hadithi ni mwamba tu. Mistari imenyooka. Kisha nikazikusanya zote utosini — fundo kubwa kama mkate. Kalishika. "Bibi, si walisema bapa?" Tulia, nikamwambia, umependeza. Akaniamini.

Naogopa, basi! Kamba hukatika.

Jumamosi, 10 Juni

Nipo chini ya mwamba. Nimekuja kulinda.

Helmeti imekataa. Wakaleta kubwa zaidi, nayo imekataa. Amaya machozi yanamlenga, na wenzake wako juu wanamwita. Nikasema basi, mwanangu, twende zetu nyumbani. Mpiga picha kashusha kamera mwenyewe, kageuka pembeni. Hilo sikulitegemea.

Bi Tolliver kalitazama fundo. Halafu kaitazama mikono yangu. Nikajua kajua. Nilingoja anifokee mbele za watu — wapi! Kaniletea kiti, kitana na kopo la mafuta ya nywele. Kwa upole kabisa: "Mama, aliyesuka hivi anaijua kazi yake. Zifumue tu, suka bapa. Tutamsubiri, hata ikifika saa kumi jioni."

Amaya kakaa chini, kati ya magoti yangu, kama jana. Kisha, bila kugeuka: "Bibi, ulifanya makusudi?"

Nimemwambia ngoja kwanza, natafuta kitana mkobani. Nikatoa daftari hili.

Kitana ninacho hapa mapajani. Na yeye bado anangoja, kichwa kakiinamisha —