Kufuli Kwenye Kisima cha Mama Dickson

KITUO CHA POLISI NEWALA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha Sijaona Khalfan, mkazi wa Mkunya

Jina: Anastasia Benedikto Chilumba (Mama Dickson)
Umri: Miaka 57
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa korosho na mihogo
Makazi: Mkunya, Wilaya ya Newala
Tarehe na muda: 9/11/2024, saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza nikiwa na akili zangu timamu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa bodaboda, ingawa Siti, binti wa marehemu, aliniambia hakuna haja.

Marehemu Sijaona Khalfan, ambaye sote tulimwita Mama Siti, alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na umri wa miaka 64. Nyumba yake iko upande wa chini wa nyumba yangu, hatua kama ishirini hivi, na katikati yetu kuna ua wa miti na mkorosho mmoja mkubwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu, naye hunijibu, "Marahaba, mdogo wangu." Miaka yote hiyo, mpaka mwezi uliopita, sikumbuki kuruka hata siku moja, hata tukiwa na homa.

Nyumbani kwangu kuna kisima cha maji ya mvua, kama walivyo navyo wengi huku juu. Kimechimbwa ardhini, kikapigwa saruji ndani, na maji ya bati yanaingia kwa mfereji. Kilichimbwa mwaka 1998 na wanaume wawili, mume wangu Nikolao na Mzee Shamte, mume wa Mama Siti. Kilikaa kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na bati na wao walikuwa na nyasi. Walikubaliana kila nyumba ichote ndoo mbili kwa siku mpaka mvua irudi. Wanaume hao wote wawili ni marehemu. Makubaliano yao hayakuandikwa popote, lakini hayakuvunjwa hata siku moja mpaka nilipoyavunja mimi.

Mnamo tarehe 5/10/2024, majira ya saa 12 asubuhi, nilipima maji kwa ufito wa mwanzi kama ninavyofanya kila asubuhi ya kiangazi. Kwa kawaida, ndoo zetu nne zinashusha maji kidole kimoja kwa siku. Siku hiyo yalikuwa yameshuka vidole vitatu. Kesho yake vitatu tena. Bomba la kijiji lilikuwa halitoi maji tangu Septemba, na mvua kwetu ni mwisho wa Novemba kama Mungu akipenda. Nilipiga hesabu nikaona hatufiki. Niliingiwa na hofu, na hofu yangu mimi huwa haikai kimya, inatafuta mtu.

Mnamo tarehe 12/10/2024, saa 1 asubuhi, Mama Siti alikuja na ndoo yake kama kawaida. Nilimuuliza, "Mama Siti, siku hizi unachota ndoo ngapi?"

Alinijibu, "Mbili zilezile, mdogo wangu. Kwani nini?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu." Lakini nilisimama pale mpaka akamaliza kuchota, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Siku tatu baadaye, jioni, niliona upande wake wa ua, chini ya mkorosho, maboga yameota. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, mapana kama sahani, na mwezi Oktoba kwetu hata magugu yanakufa. Nilimuuliza maboga yale anayamwagilia nini. Alicheka, akasema hata yeye anashangaa, hakuyapanda wala hakuyamwagilia, yameota yenyewe. Usiku haujaingia akaniletea fungu la majani yale nipike. Niliyapokea. Alipoondoka niliwatupia mbuzi.

Mnamo tarehe 17/10/2024 nilikwenda Newala mjini nikanunua kufuli lenye funguo mbili. Saa 10 jioni nilifunga mfuniko wa kisima na funguo zote mbili nikazifunga kwenye pindo la kanga, kiunoni. Asubuhi yake Mama Siti alikuja na ndoo. Alilitazama kufuli, halafu akanitazama mimi. Alisema tu, "Basi nitajitafutia," akageuka. Kuanzia siku hiyo alikuwa anateremka bondeni kwenye chemchemi, njia ile ya mawe ya wazee wetu, kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu. Mimi mwenyewe niliiacha njia hiyo nikiwa msichana.

Sasa afande aandike hili vizuri. Baada ya kufunga kufuli, nilikuwa nachota mimi peke yangu ndoo mbili. Maji yalipaswa kushuka nusu kidole. Yalishuka vidole viwili na nusu kila siku, vilevile. Mtu mwenye akili angejua hapohapo kwamba maji hayachotwi, yanavuja. Mimi nilimwaga majivu kuzunguka mfuniko ili nipate nyayo zake. Asubuhi majivu yalikuwa laini, hayana alama hata ya kuku. Nikasema moyoni, ameyafagia, kisha akamwaga mengine. Nilikuwa nimeshaamua.

Mnamo tarehe 24/10/2024, majira ya saa 5 asubuhi, tulikuwa wanawake kama kumi na wawili tunachambua korosho kwa jirani yetu Ziada. Mama Siti alikuwepo. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Kuna watu hapa wamechonga ufunguo wa kisima changu. Siku hizi kila mahali kuna mwizi, hata msikitini." Sikumtaja jina. Hakukuwa na haja. Ziada aliniambia, "Mama Dickson, acha maneno hayo," lakini wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao nilikuchukua kama ushahidi. Mama Siti aliinama akaendelea kuchambua korosho. Alipomaliza fungu lake aliaga, akaondoka. Funguo zote mbili zilikuwa kiunoni mwangu wakati nasema maneno hayo. Zilikuwa zinanichoma ubavuni.

Kuanzia hapo hatukusemeshana.

Mnamo tarehe 5/11/2024, siku ya Jumanne, majira ya saa 11 na nusu alfajiri, nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu. Mama Siti alipita na ndoo na ngata yake akielekea njia ya bondeni. Alikuwa peke yake. Hakuna mtu aliyemfuata.

Saa 3 asubuhi Silvesta, ambaye ana shamba pale ukingoni, alikuja mbio akasema Mama Siti ameanguka. Nilikwenda pamoja na Ziada. Tulimkuta kwenye kona ya tatu ya njia, chini ya lile jiwe kubwa, amelala kifudifudi. Alikuwa anarudi, kwa sababu ndoo ilikuwa imepasuka na mawe yalikuwa bado yana unyevu. Kiatu kimoja cha mpira kilikuwa juu njiani, hatua nne kutoka alipokuwa. Ziada alimshika shingoni akaniambia ameshatutoka. Nilimfunika kwa kanga yangu. Nilipoifungua kiunoni zile funguo zililia, nikakumbuka kwamba bado ninazo, nikazitoa pindoni. Askari walifika saa 6 mchana.

Nimeulizwa kama nilimwona mtu mwingine njiani. Sikumwona. Nimeulizwa kama tulikuwa na ugomvi. Ndiyo, lakini ugomvi ulikuwa wa upande mmoja.

Mnamo tarehe 6/11/2024 mwili ulirudishwa kutoka hospitali saa 4 asubuhi. Wanawake wa Kiislamu walijiandaa kumwosha, wakawa hawana maji. Nyumba nzima ya marehemu ilikuwa na kidumu kimoja, na hakikujaa. Nilikwenda kufungua kisima, nikachota ndoo sita nikazipeleka. Siti, ambaye anaishi Masasi na alifika na basi la asubuhi, aliniuliza, "Mama mdogo, maji haya ni ya wapi?" Nilimjibu, "Ni ya kwenu."

Wakati nachota alikuwepo fundi Optatus, mtu wa Lisekese kulekule Masasi, aliyekuja mazikoni pamoja na Siti. Kazi yake ni kujenga na kuziba visima vya namna hii. Aliinama akatazama ndani, kisha akaomba tochi. Aliniuliza, "Mama, ufa huu umeuona lini?" Nilimwambia sijauona. Alinionyesha. Ulikuwa upande wa chini, upande wa Mama Siti, na mzizi wa mkorosho mwembamba kama kidole changu cha mwisho ulikuwa umetoboa saruji na kuchungulia ndani. Muda wote huo nilitazama ua. Ndani ya kisima sikutazama hata mara moja.

Jioni ya siku hiyohiyo, baada ya mazishi, fundi alichora mstari wa mkaa palipoishia maji, akafunga mfuniko, akasema mtu yeyote asichote. Asubuhi ya tarehe 7/11/2024, saa 1, tulifungua. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa kidole kimoja. Kisha alikwenda upande wa pili wa ua akachimba kwenye maboga, kina cha mkono. Udongo ulitoka na maji. Aliusokota mkononi ukatoa matone, akanipa niushike. Maboga yale yalikuwa yanakunywa maji yangu, na Mama Siti aliniletea majani yake bila kujua, na mimi nikawapa mbuzi.

Fundi alikata mzizi, akaziba ufa. Alitumia nusu ndoo ya saruji. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Tangu siku hiyo maji hayashuki ila kwa ndoo ninazochota.

Afande ameniambia kwamba hakuna kosa la jinai katika haya na kwamba nijibu nilichoulizwa tu. Mimi naomba yaandikwe yote. Wanawake wale wote walisikia neno langu, na hakuna aliyeweza kulirudisha mahali lilipotoka. Angalau karatasi ya serikali iseme kwamba Sijaona Khalfan hakuchukua tone la mtu.

Maelezo yamesomwa mbele yangu na afande nikayakubali. Baada ya kusomewa nimeomba kuongeza jambo moja nililoliruka.

Alfajiri ile ya tarehe 5, Mama Siti alipopita, hakupita moja kwa moja. Alisimama mbele ya ua wangu na ndoo kichwani, akiwa amenielekea. Nilijua anasubiri nini. Niliinama nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyeamkiwa, "Marahaba, mdogo wangu." Akaenda.

Sikuinua uso. Hayo ni maneno yake ya mwisho ninayoyajua mimi, na alinijibu salamu ambayo sikumpa.

Niliyoyajua nimeyasema, na nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: A. B. Chilumba

MAELEZO YA ASKARI: Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akaongeza aya za mwisho na kutia sahihi mbele yangu saa 6:25 mchana. Shahidi alikuja na kufuli moja na funguo mbili akitaka vipokelewe. Nimemweleza kuwa si kielelezo na nimemrudishia. Ameviacha juu ya benchi la mapokezi. Nilitoka nje kumwita, akawa ameshaondoka.

WP Koplo Maria
Kituo cha Polisi Newala