Tikiti Aliyoikataa Mama

Phelister, Selpher alikoma kuja kwetu siku ile aliposhinda bahati nasibu, mwaka wa sabini na sita. Leo amekuja kwenye matanga ya mama! Anatembelea mkongojo.

Unakumbuka muuza tikiti sokoni Malaba alikuwa Paulinus, mume wa dada yetu. Na kwetu mama mkwe hamkaribii mkwewe. Kwa hivyo mama alimtuma jirani yake Selpher anunue tikiti mbili, kila mtu yake. Ya Selpher ikashinda shilingi elfu hamsini.

Tangu hapo mama yetu Amoding hakuwa na raha. Selpher alipofungua kinu cha kusaga, Amoding alipita mlangoni pake na debe la mahindi kichwani, akavuka mpaka, akasagia Uganda. Miaka yote hiyo! "Alinipa mbovu akabaki na nono," alisema hadi juzi hospitalini.

Sasa sikia. Nimemuuliza Selpher mbele ya watu, "Mama, kwa nini ulimpa ile mbovu?"

"Nilimpa? Nilimwekea zote mbili mezani, nikamwambia, Amoding, chagua. Akachagua. Akanicheka hata, ati yangu ina nambari za mkosi."

Alichagua mwenyewe, Phelister! Mwenyewe!

"Mbona hukumkumbusha?"

"Nilimkumbusha siku hiyo hiyo niliposhinda. Akanifukuza na mwiko."

Nikakosa pa kuweka uso.

Tunazika kesho saa tano. Selpher analala hapa kwetu.