Lori Lililogonga Ukuta wa Kasenga

Alhamisi. Mvua asubuhi, halafu jua kali la ghafla. Ziwa limekuwa la rangi ya chai ya maziwa kwa udongo ulioshuka milimani. Sina hasira wala furaha. Nipo tu, na mikono yangu bado inanuka simenti.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa barabara, mwanamke pekee kwenye shantie yetu, yaani mahali petu pa ujenzi. Tangu kiangazi kazi yangu ni ukuta wa zege unaogawanya barabara kubwa hapa Kasenga. Magari yanayokwenda kusini yanapita upande wa milima, yanayorudi kaskazini yanapita upande wa ziwa, ukuta uko katikati.

Ni ukuta mfupi, unanifika kiunoni. Watu wanaudharau kwa ufupi wake. Hawaangalii mguu. Chini ni mpana na umeinama, ili gurudumu likiugonga lipande kidogo, liishiwe nguvu, kisha lirudi upande lilikotoka. Ukuta ulionyooka wima tangu chini unamvunja dereva. Pasipokuwa na ukuta, wanaovunjika ni wale wanaokuja mbele yake.

Hayo niliyasoma Bukavu, ubaoni. Leo niliyaona kwa macho.

Lazima nianze na Mama Riziki. Anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kila asubuhi anavuka kwenda ufukweni, anajaza beseni, anarudi nalo kichwani hadi kwenye vibanda vya upande wa milima. Siku tuliyoweka vipande vya kwanza vya ukuta, alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

“Weye unafunga barabara, minye nitapita wapi na ndagala zangu?”

Nikamwambia tutaacha njia ya watu wa miguu. Ukuta mmoja utaishia ubavuni mwa mwenzake, na kati yao watu watapita. Tumeupanga hivyo ili gari lolote lisikutane na ncha ya ukuta uso kwa uso, maana ncha ya zege iliyoachwa wazi ni hatari kuliko kutokuwa na ukuta kabisa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na wamama wawili wenye beseni, watapishana namna gani mule ndani?”

Mchoro wa chef wetu, mkuu wa kazi, ulikuwa na njia ya upana wa mtu mmoja. Nilipompelekea swali, chef alisema watu watasubiriana. Mimi nikaipanua. Nilimweleza kwamba vipande vya ukuta vimeunganishwa kwa nondo lakini havikupandwa ardhini, kwa hiyo vikigongwa vinasogea, na vinahitaji nafasi nyuma yake. Ni kweli tupu. Ila bila Mama Riziki nisingelifikiria upande wa watu waliosimama ndani ya nafasi hiyo.

Sasa leo.

Chini ya ukuta tumeacha matundu, maji ya milimani yapate njia ya kwenda ziwani. Mvua ya asubuhi ilikuja na matope na mifuko ya plastiki, matundu yakaziba. Maji yakajaa upande wa milima kama bwawa. Niliwapeleka vibarua na makoleo, wakaanzia upande wa chini ambako maji yalikuwa machache. Nilikuwa nawaita wapande juu nilipolisikia lori, kamyo kama tunavyosema hapa.

Lilitoka bondeni, limebeba simenti. Liliingia kwenye maji bila kupunguza mwendo, nyuma ikateleza, na pua ikageukia ukuta.

Sauti yake siwezi kuiandika.

Gurudumu la mbele lilipanda mguu wa ukuta. Nililiona likipanda, nikadhani litavuka. Halikuvuka. Lilishuka, lori likasugua ukuta kwa ubavu, likasimama pua ikitazama milima. Upande wa pili, wakati uleule, ilipita pikipiki imebeba mama na mtoto mgongoni. Hawakusimama. Sidhani wanajua.

Nitaandika na hili, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeliona: nilikimbilia ukuta, sikukimbilia watu. Niliweka kiganja kwenye alama nyeusi ya tairi nikitazama imefika wapi. Mguu umefanya kazi, nilijiambia. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Ndipo nikasikia mtu akiguna nyuma ya ukuta.

Mama Riziki alikuwa ndani ya njia. Kipande cha ukuta kilikuwa kimesukumwa kuelekea kwake na kusimama, kikiwa kimebakiza nafasi ya mwili mmoja tu, na mwili huo ulikuwa wake. Alikuwa amekaa chini katikati ya ndagala zilizomwagika, mkono wa kushoto umepinda pasipopaswa kupinda. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa nini kimetokea.

Dereva akashuka. Kijana mwembamba, shati limefungwa vifungo kombo. Baadaye nilijua anaitwa Byamungu.

“Nimeua nani?” akauliza.

Nikamjibu hajaua mtu. Hakuniamini. Alipiga magoti kwenye maji akachungulia chini ya lori, akaenda upande wa pili, akachungulia tena. “Niambie ukweli, mama. Nimeua nani?”

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Kutoka vibandani, kutoka ufukweni, vijana wa pikipiki wakiacha pikipiki zao zikiunguruma. Mmoja aliona ndagala na kitenge nyuma ya zege, akapiga kelele: “Ameua mama! Mumukamate!” Nikasema ni mzima, lakini sauti yangu ilimezwa. Jiwe la kwanza liligonga mlango wa lori. La pili lilimpata Byamungu begani. Hakujikinga. Nadhani na yeye alikuwa ameshaamini kwamba ameua.

Kila anayeishi hapa anajua mambo hayo huishia wapi.

Nilimshika mkono nikamvutia ukutani, na hapo mimi nilikuwa nimefika mwisho wa elimu yangu. Ukuta wangu ulikuwa wa kuzuia magari.

Aliyeuzuia umati alikuwa Mama Riziki. Sijui aliinuka vipi. Niliona kwanza kiganja cha kulia juu ya zege, kisha kichwa, kitambaa kimeanguka, nywele nyeupe mbele. Akauegemea ukuta kama mtu aliye dirishani kwake.

“Muko mnapiga mutoto ya watu juu ya nani?” akasema. Hakupaza sauti sana. “Juu yangu? Minye niko hapa. Niangalieni. Sijakufa.”

Aliyekuwa na jiwe mkononi akabaki nalo.

“Weye,” akamwambia kwa kumnyooshea kidevu, “nakujua, najua na mama yako. Tupa ile jiwe, uniokotee ndagala.”

Kijana akalitupa. Mwingine akacheka, kicheko cha woga. Kisha wamama wawili wakaingia njiani kumshika, na umati ukawa watu tena, kila mmoja na kazi ya kufanya: huyu anaokota samaki, yule anatafuta ubao wa kufungia mkono. Polisi wa barabarani walipofika, Byamungu alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, bega linatoka damu, mtu amempa maji.

Mchana chef alipiga simu. Nilimweleza yote, mpaka urefu wa alama ya tairi. Akasema ile njia ya watu ifungwe mara moja, kwa sababu mtu nusura afe ndani yake. Nikasema asingekuwa ndani yake angekuwa barabarani, anaruka ukuta na beseni kichwani. Akasema tutaongea.

Alasiri nilikwenda kituo cha afya. Byamungu alikuwa amesimama nje, polisi wamemwachia kwa muda, kofia mkononi. Alisema amefika kabla ya chakula cha mchana na hajathubutu kuingia. Nikamwambia anifuate.

Mama Riziki alikuwa amejilaza kitandani, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kitenge. Alimtazama kijana toka juu hadi chini. Mimi nilidhani anatafuta tusi.

“Uko na mama?” akamuuliza.

“Iko, kule Kamanyola.”

“Umemupigia?”

Byamungu akatikisa kichwa.

“Mupigie sasa. Habari ya kamyo inakimbia kuliko kamyo. Asisikie kwa watu ati mutoto wake amekufa.”

Akapiga palepale, amesimama mguuni mwa kitanda. Alisema, “Mama, ni minye,” kisha akashindwa kuendelea. Mama Riziki akanyoosha mkono mzima, akaichukua simu, akaanza kuongea na mama asiyemjua kama jirani yake. Nikawaacha.

Uani, chef akapiga tena. Kabla hajasema nikamwambia njia haifungwi, inabaki na upana uleule, na kipande kilichosogea tutakirudisha na kukikaza nondo. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, yule mama anaendeleaje.

Nikamjibu mkono utapona.

Ni baada ya kukata simu nilipokumbuka kwamba ndani mule, na hata pale barabarani, mimi sikuwa nimemuuliza Mama Riziki hali yake. Nilimtazama mkono, nikatazama zege, nikapima kwa macho nafasi iliyomwokoa. Pole sikumpa.

Nikarudi ndani. Alikuwa bado na simu sikioni, anacheka jambo na mama wa Kamanyola. Nikakaa kwenye kiti kusubiri amalize.