Nani Kaigusa Skuta ya Baba?

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko.
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha, au bado unajidai mzima? Huku sote tu wazima. Hata Baba anasema ni mzima, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia.

Tangu umtumie ile skuta ya umeme, mzee wetu hashikiki. Halmashauri ya jiji imeamuru kila skuta ifungwe kidhibiti mwendo na kubandikwa stika ya mkaguzi. Yetu ilifungwa, nikashuhudia kwa macho yangu. Sasa mbona Baba anafika kwenye duka lake la saa hata sijamaliza kufunga geti?

Kwanza nilimshuku fundi wa skuta. Jamaa yule hucheka hata pasipo la kuchekesha. Nilimwendea, akaapa hajaigusa, nami sikumwamini hata kidogo.

Wiki jana Baba akarudi anachechemea. Eti kajigonga kwenye meza. Meza gani hiyo inayochubua kiwiko na kuchana suruali? Mwuza maua wa pale kona ndiye aliyenipasulia ukweli: skuta ilimshinda kwenye kona, akaanguka, na basi likafunga breki karibu kabisa na kichwa chake. Kaka, nililia palepale katikati ya ndoo za maua.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Juu ya meza yake ya kazi, chini ya ile glasi anayofunikia mashine za saa, nikakikuta kidhibiti mwendo, kimefunguliwa na kusafishwa. Baba hata hakushtuka.

"Kilikuwa kinachelewesha, mwanangu," akasema. "Sasa kitu kinachelewa, nikiache tu?"

Unamjua. Fundi wa watu nimemwomba radhi, ingawa kile kicheko bado sikipendi.

Nikamwambia akirudishe. Akasema kesho, na kesho ya Baba wateja wake wote wanaijua. Basi nikauficha waya wa kuchajia mkobani mwangu, nikatulia. Skuta ikiishiwa chaji, atatembea kwa miguu. Hata ninavyoandika, mkoba uko mapajani.

Leo asubuhi skuta imeamka imejaa chaji. Baba kaondoka nayo huku anapiga mluzi.

Tafadhali mpigie, wewe anakusikiliza. Naogopa, Kaka. Sitaki siku moja nikupigie simu ya kukuita nyumbani.

Shangazi anawasalimu. Baba naye anakusalimu sana, tena kwa bashasha ambayo si ya bure. Kwa hiyo nijibu kwa ukweli, kabla hujampigia: waya wa pili ulimtumia lini?

Mungu awalinde nyote, na huku amshikie Baba breki.

Dada yako akupendaye, wiki hii kwa shingo upande,
Kitindamimba