Mama Mdogo na Makro Iliyopotea

Sanduku la Posta 418,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U hali gani huko ughaibuni? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai mzima? Sisi hatujambo, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Shemeji yako mzima, bado anatuimbia bafuni bila kuombwa na mtu.

Lakini leo sikuandikii habari za goti. Nakuandikia habari za Mama mdogo, kwa hiyo kaa kitako usome taratibu.

Unaikumbuka ile orodha ya wagonjwa wa mtoto wa jicho, uliyomtengenezea kwenye kompyuta ulipokuwa kibarua pamoja naye pale masjala ya kliniki ya macho? Uliweka kitufe ukakiita "Panga". Akikibonyeza, majina yanajipanga kwa tarehe na barua za kuwaita wagonjwa zinachapwa. Miaka mitatu Mama mdogo amekibonyeza kwa kidole kimoja, kwa adabu zote, kama anabisha hodi kwa wakwe.

Mwezi uliopita walimletea kompyuta mpya. Faili likahamishwa, kitufe kikaja nalo, lakini akibonyeza anaambiwa makro, yaani yale maagizo uliyoyarekodi ili kitufe kifanye kazi, haipatikani. Mganga mkuu akauliza nani ameifuta. Mama mdogo, ambaye hata ujumbe wa simu haufuti mpaka aulize watu wawili, akasema ni yeye. Na aliamini kweli! Faili analigusa peke yake, basi akaona hakuna mwingine wa kulaumiwa. Akaandika barua ya kukiri kosa, ikawekwa kwenye jalada lake.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta mezani, anapanga majina mia mbili na kumi kwa mkono, macho yamemvimba. Roho iliniuma sana. Aliogopa mtu asije akabaki na giza machoni kwa kukosa kuitwa siku yake.

Jumamosi ya tarehe 6 nikaenda naye ofisini. Mimi ni karani wa shule ya udereva tu, ndiyo, lakini majedwali ya kompyuta hayanibabaishi. Nikafungua orodha ya makro, tupu. Nikadhani labda programu imezizuia kwa ajili ya usalama. Nikaziruhusu, nikafunga, nikafungua upya, bado tupu. Ndipo nikatazama aina ya faili lenyewe. Kumbe ni lile la kawaida, lisilohifadhi makro hata moja! Yaani makro yako haikuwahi kukaa humo. Sasa Mama mdogo angeifutaje?

Tukaenda stoo. Kompyuta ya zamani ilikuwa chini ya mapazia yaliyotolewa wodini. Nikaiwasha, na Panga hiyo hapo kwenye orodha ya makro. Nilipotaka kuifungua nikaambiwa imo ndani ya faili lililofichwa, nilifichue kwanza. Nikalifichua. Likatokea faili binafsi, lile linalofunguka kimyakimya kila programu inapoanza, lakini kwenye kompyuta hiyo tu. Mistari ya juu ya makro ina jina lako na tarehe uliyoirekodi. Uliihifadhi humo, mdogo wangu, badala ya kuiweka ndani ya orodha yenyewe.

Usijitese kwa hilo. Ulikuwa umebakiza wiki moja kusafiri, kichwa kimejaa, na bado ulikaa ukamfanyia wema. Nimeinakili makro ndani ya orodha, nikalihifadhi faili kwa aina inayobeba makro, nikakiunganisha kitufe upya. Barua za wiki hii zimeshatoka.

Kilichobaki ni ile barua ya kukiri kosa. Mwisho wa mwezi wanaamua kama wataendelea naye kazini, na mganga mkuu anasema mtu ameshakiri mwenyewe, eti ushahidi wangu hautoshi kwa kuwa mimi ni ndugu yake, na jina kwenye kompyuta yeyote anaweza kuliandika. Anataka maelezo ya aliyeitengeneza. Nilipomwambia Mama mdogo kwamba nitakuandikia, akanishika mkono.

"Usimwandikie, mwanangu. Mwenzio yuko peke yake huko, nani atambembeleza? Mimi ninao nyinyi. Acha kosa libaki langu."

Nikamwahidi, na ahadi yenyewe ndiyo hii naivunja. Siwezi kumwacha apoteze kazi yake kwa huruma yake. Tafadhali mwandikie mganga mkuu mistari miwili, leo hii.

Wapwa zako, Kidosho na Bwana Maswali, wanakusalimu. Fundi cherehani wa chini naye anasema hajambo. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe na watu wema wa kukaa nao.

Asubuhi Mama mdogo ameniona na kalamu, akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ni salamu tu. Amesema basi nikuulize kama unakula vizuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza.