Sura ya Pili ya Yuda

Jumamosi, 2 Machi 2024

Nimekuwa mwalimu! Mimi, Zipora, fundi cherehani wa Kakola, mtu wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Mwalimu Donatus amepelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji wa macho, na Mchungaji Eliya hataki darasa la waumini wapya lilale. Kwa nini mimi? Eti nasoma matangazo vizuri. Haya.

Wanafunzi kumi na mmoja. Tisa ni wachimbaji wa duara moja, lile shimo la dhahabu la bosi wao Davis, njia ya kwenda Bulyanhulu. Wanakuja na matope hadi magotini, wanabanana benchi la nyuma kama watu waliokuja kuchanjwa. Kiranja wao ni Ngassa — bonge la mtu, sauti kama spika ya mnadani. Mkewe, Loveness, anakaa mbele na kuandika kila kitu. Nadhani ameandika hata nilipokohoa.

Nilifundisha yule aliyejenga nyumba kwenye mwamba na yule wa mchangani. Msingi wa imani. Nilijiandaa siku tatu! Nikauliza, tumejifunza nini? Ngassa akanyoosha mkono. Kwamba yule wa kwanza alikuwa na akili, alijua mwamba uko wapi. Halafu akauliza: huo mwamba ulitoa gramu ngapi kwa kiroba?

Benchi zima likamgeukia kwa heshima. Kwao mwamba ni jiwe lenye dhahabu, basi. Hakuna mwamba mwingine duniani.

Nimecheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 6 Machi

Ngassa kaja kibandani kwangu na mkanda wa suruali. Anataka nimwandikie "neno la kinga" kwenye karatasi, nilishone ndani, awe anashuka nalo shimoni. Nikamwambia, hiyo ni hirizi. Yaya, hapana, anasema, hirizi ni ya mganga, hii itakuwa ya kwako, mwalimu.

Nimemshonea mkanda bila karatasi. Akauliza, imo? Nikamwambia mkanda umeshonwa vizuri. Sikudanganya!

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimefanya jambo. Sijui kama ni la akili.

Somo: mtu asimeze mafundisho bila kukagua. Nimefundisha nusu saa nzima. Wanaitikia amina, amina, kama kuku wanaodonoa. Ngassa akarudi palepale — mwalimu, sisi tupe neno moja tu la kinga, hayo mengine tutayakuta mbele.

Ibilisi wa ucheshi akanipanda. Nikasema, lipo. Yuda, sura ya pili, mstari wa tisa. Nikasimama wima, nikatoa sauti ya Mchungaji: "Naye aliyeombewa asubuhi, udongo hautamgusa hata jua lichwe."

Hilo "lichwe" ndilo lililowamaliza.

Waraka wa Yuda una sura moja tu! Moja! Nilikuwa nimewatega. Nikasema, haya, fungueni mhakikishe. Nikangoja mtu ashtuke. Hakuna aliyefungua. Biblia nne mle ndani, zote zimefungwa mapajani. Amina kubwa kuliko zote. Loveness kaandika, kapigia mstari mara mbili.

Nikafungua mdomo niwaambie — mvua ikashuka! Ya mawe. Bati likapiga kelele, watu wakakimbilia pikipiki zao. Nitawaambia Jumamosi ijayo. Watacheka. Na hawatasahau kamwe.

Jumapili, 10 Machi

Mungu wangu.

Mchungaji Eliya, katikati ya maombi, mikono juu: "Kama asemavyo mtumishi wako Yuda, udongo hautamgusa!" Kaambiwa na nani? Na nani, kama si Ngassa. Kanisa zima likalipuka. Mimi nimeinama, kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika. Jirani yangu kadhani ni Roho, kanishika mkono, naye kaanza kulia.

Baada ya ibada watu wananipa mkono, wananiita kwa jina la mwanangu. Mama Edson, hatukujua una kipawa! Mama Edson, mstari mtamu ule!

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilipenda. Nilipaswa kusema palepale. Nilipenda mno.

Jumanne, 12 Machi

Kahama, kununua nyuzi na bitana. Nikaingia kwa Pritesh, anayeuza vitambaa na kuchapa fulana. Kaniamkia vizuri, kauliza habari za Kakola, kisha akatoa karatasi chini ya kaunta. Oda ya fulana kumi, mgongoni: YUDA 2:9. Kumi! Imeletwa na nani, sikuuliza.

Anasema hajaanza kuchapa. Aliichapia kwaya moja maneno yenye makosa mwaka juzi, wakamrudishia mzigo wote, tangu hapo ameweka Biblia dukani na kila oda ya kanisa anaikagua kwanza. Na huu mstari hauoni. "Mama, huyu Yuda wenu ana sura moja tu. Au kuna kitabu kingine ambacho mimi sina?"

Pritesh! Mhindu, anayefukizia ubani mungu wake kila asubuhi nyuma ya mashine. Kanisa zima la Kakola, na aliyefungua kitabu ni Pritesh.

Nikamwambia, usichape. Akaniangalia usoni kidogo. Akasema, nilijua kuna kitu, maana mteja aliniambia mwalimu wao hakosei.

Nimesahau bitana.

Jumatano, 13 Machi

Kucheka kumeniisha.

Loveness kaja asubuhi, ana furaha. Anasema fulana zitakuwa za kijani. Nikauliza, hela mmepata wapi? Akajibu kama jambo la kawaida: walikuwa wamechanga za matimba — yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke — maana ya zamani yameoza, maji yanachuruzika. Lakini Davis kasema matimba ya nini tena na neno tunalo? Anaombea kila asubuhi mdomoni mwa shimo, yeye mwenyewe, kisha wanashuka. Hata kibao ameandika, kapigilia kwenye nguzo.

Nilikuwa nashona suruali ya mtoto wa shule. Nimeishona mguu mmoja kwa mwingine.

Sikumwambia. Loveness wa watu, anatabasamu, kashika daftari. Sikumwambia! Niliogopa uso wake.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nikampigia Mwalimu Donatus, wodini bado, jicho limefungwa. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alicheka hadi nikamsikia nesi akimwambia atulie. Akarudia "lichwe" mara tatu. Kisha akauliza:

— Matimba wamebadilisha?

— Hapana, Mwalimu.

— Na wanashuka?

— Wanashuka.

— Basi unanipigia mimi wa nini?

Nikapanda bodaboda. Duarani mlinzi kanizuia, wanawake hawasogei mdomoni mwa shimo, dhahabu inakimbia. Nikamwambia ikimbie, na nikapita.

Kibao kipo kweli. Rangi nyekundu. Wamekosea, wameandika "lichwee". Davis amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani ya jua, simu mbili. Ngassa na wenzake wanafunga kamba.

Nikasema kwa sauti ili wote wasikie. Mstari ule haupo. Niliutunga mimi. Nilitaka kuwafundisha wakague, nikaona aibu kurudi kusema. Msishuke mpaka matimba yabadilishwe.

 Compressor ya kupeleka hewa shimoni inanguruma.

Davis ndiye wa kwanza. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Akasema polepole, kama anambembeleza mgonjwa: mama, hawa wameacha kwenda kwa mganga kwa sababu ya mstari wako. Unataka warudi? Usivunje imani za watu. Nenda kashone.

Ngassa alikuja hadi mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

— Ulikuwa unatucheka?

Nikasema ndiyo. Kidogo. Mwanzoni.

— Mimi nimewafundisha wanangu ule mstari. Wanausema kabla ya kulala.

Nikamwambia nisamehe, kaka.  Akashika kamba, akashuka, ananitazama hadi kichwa kilipozama. Wenzake wakafuata mmoja mmoja.

Nilikaa pale juani hadi saa kumi walipopanda. Wote tisa. Niliwahesabu mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Timba moja limekatika leo saa nne. Udongo umeshuka kama ndoo tano, umekosa miguu ya mtu kwa hatua moja. Hakuna aliyeumia. Davis kasimama mdomoni mwa shimo na kupiga kelele: mnaona? Neno limefanya kazi!

Loveness ndiye kaniambia. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni. Hakuwa na daftari.

Nikaenda kwa Mchungaji Eliya, nikasema yote. Akafunga dirisha. Akauliza kama Jumapili alisema kwa sauti kubwa sana. Nikamwambia, spika zote mbili. Akachukua Biblia yake, ile yenye zipu, akafungua Yuda, akageuza ukurasa, akageuza tena kurudi. 

Miaka kumi na tisa nahubiri, akasema. Nilisikia mstari kwa mtu mlangoni, nikauona mzuri, nikapanda nao madhabahuni.

Jumapili atatubu yeye kwanza, mimi wa pili. Nikasema Jumapili ni mbali, kesho wanashuka. Akaniuliza, kesho si una darasa? Nikajibu, nani atakuja!

Jumamosi, 16 Machi

Wamekuja! Naandika hapahapa mbele yao, kwa sababu wanasoma na mimi sina la kufanya kwa mikono yangu.

Saa tatu nilikuwa peke yangu na mabenchi. Saa tatu na nusu Ngassa kaingia, hakusalimia. Nyuma yake wenzake wanane. Nyuma yao wengine sita wa maduara ya jirani ambao hawajawahi kukanyaga kanisani. Na Biblia! Za kuazima, zisizo na majalada, moja ya Kisukuma, moja bado ina bei. Wamekaa mbele.

Ngassa akasema leo hufundishi, mwalimu. Leo wewe unasema, sisi tunakagua.

Nikasema Mungu ni pendo. Wapi? Nikawatajia. Karatasi zikachakarika kama mahindi ya kupukuchua. Dakika saba! Mmoja alienda Mwanzo. Walipoona, hakuna aliyesema amina. Ngassa alisema, sawa, hilo lipo. Endelea.

Saa nzima tuna mistari minne. Jasho linanitoka. Kila nikisema "nadhani" wananikatiza.

Kisha akauliza alichokuja nacho. Kuna palipoandikwa mtu akiwaweka watu mahali pabovu, wakafa, damu ni ya nani? Usitunge, akasema. Nikamwambia nipe muda nitafute. Nikatafuta. Kumbukumbu la Torati, ishirini na mbili, mstari wa nane. Anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba damu yake.

Wote wameukuta. Ngassa anausoma kwa kidole, hii mara ya tatu, midomo inacheza. Loveness katoa daftari chini ya kitenge — hakuandika mpaka alipouona kwa macho yake.

Ukingo, amesema Ngassa. Hayo si ndiyo matimba?

Pikipiki imezimwa nje. Davis. Kaenda duarani, kakuta kamba tu. Amesimama mlangoni, simu mkononi, anauliza leo ni sikukuu gani?

Ngassa ameinuka. Anamwendea na Biblia imefunguliwa, kidole bado kipo kwenye mstari, amemwambia, bosi, soma mwenyewe. Davis anasema hakubeba miwani ya kusomea. Loveness kavua ya kwake, kaifuta kwa upindo wa kitenge, anamnyooshea.

 Davis anaitazama ile miwani, hajanyoosha mkono, na mimi naweka kalamu chini.