Kiwiko Mpaka Chini

Port Victoria, ndani ya boti
Septemba 2006

Kwako Mama Farid,

Asalaam aleikum. Naanza na salamu za kwenu kwa sababu ndizo nilijifunza kwako pale soko la Kitale, wakati tulikuwa tunauza vitunguu, wewe upande huu wa gunia na mimi upande ule. U mzima? Mguu wa Mzee Hashim umepona, ama bado anajifanya daktari na kukataa dawa? Mwambie nimesema sukari haiogopi ndevu. Farid na bibi yake wako sawa? Na cherehani yako ya kukanyaga, bado inalia kama mbuzi? Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma asubuhi tu, na tumbo lilinisumbua siku za kwanza kwa sababu ambayo utaisikia. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Unajua masomo yangu ni yale ya ngumbaru, nikifundishwa na mwalimu mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kwa hivyo ukiona mistari inapanda mlima usicheke. Tena meza yenyewe inatikisika.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Wewe ukishika simu unapaza sauti mpaka msikiti mzima unajua habari zangu, na haya si ya kusikiwa na wateja wako. Pia nina neno moja la kukugombeza wewe, Mama Farid, nalo nimeliweka mwisho. Usiruke kurasa. Soma pole pole kama mtu mzima.

Unakumbuka mzee wangu Gathii alipostaafu kule karakana ya mbao. Mimi nilitarajia atafanya kama wazee wenzake: anunue ng'ombe wa pili, akae kwa kiti, aite wajukuu wamletee maji. Yeye akaanza kujenga boti. Pale kwetu Matisi! Mahali ambapo maji tunayoyajua ni ya mtungi na ya mfereji. Hadithi ya ujana wake unaijua, vile alikuwa akimtengenezea mzungu mmoja wa shamba boti yake ya tanga, na kwenda naye ziwani, na vile alikuwa akisema akizeeka atakaa juu ya maji na kwenda mahali upepo unaenda. Mimi nilidhani hayo ni maneno ya kijana anayetafuta mke. Kumbe mtu anaweza kuoa, kuzaa, kusomesha na kulima, na neno lake liko tu pale juu, kama mbegu ya mahindi iliyotundikwa kwa moshi ikingoja mvua.

Watoto wa jirani wakamwita Nuhu. Fundi mwenzake Kinyua alikuwa akipita akitoka kanisani, anasimama kwa ua, anamwambia mvua ya Matisi haitoshi hata kuogesha bata. Na mimi, sitakudanganya, nilisimama mlangoni mbele ya kina mama wenzangu wa kanisa nikasema kwa sauti: mguu wangu huu hautaingia kwa hilo sanduku, hata ziwa likija lenyewe mpaka Kitale. Alisikia. Alikuwa anapiga randa. Hakuinua kichwa.

Siku lori lilipoipitisha boti huko kwenu Bungoma wewe mwenyewe uliiona. Gathii alisema watu walitoka madukani, wengine wakiuliza ni kanisa gani jipya linahama. Ukampa lile tanga ulilomshonea, limekunjwa vizuri kama blanketi la bibi harusi. Mimi nilibaki Matisi nikipepeta maharagwe, nikijifanya sijui leo ni siku gani.

Huo ulikuwa wakati wa kupanda. Mahindi yakaota, yakapaliliwa, yakatoa ndevu, na mzee hajarudi. Alikuwa akimpigia simu Munene, anamwambia yuko mzima, amefika kisiwa fulani, samaki ni tamu, msalimie mama yako. Msalimie mama yako! Kama mimi ni shangazi wa mtu. Mimi mwenyewe hakuniita hata siku moja. Kanisani wakaanza kuniangalia na ile huruma ya kuudhi. Mama mmoja, sitamtaja, alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli mzee ameniacha. Nilimwambia aende aangalie kama wake yuko. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kwa kiti cha Gathii, Mama Farid, nikajiuliza hilo swali kwa lugha ya mama yangu. Ndiyo wakati ule nilikuja kwako. Unajua vile nilikuwa. Tutarudi hapo.

Sasa Munene akaitisha mkutano wa nyumba. Huyo kijana wangu tangu awe karani anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Akasema baba amechanganyikiwa, ati ni aibu, mzee wa umri huo akizama itakuwaje, atazikwa wapi. Wakaamua nitumwe mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu baba anaogopa. Na nikishindwa, yeye na ndugu zake watakuja na lori, wamrudishe baba akitaka asitake, boti ipasuliwe na mbao zijenge zizi. Nikakubali. Tena nilikubali haraka. Nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea, nikafunga kitambaa, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga kwa laini kutoka yale ya kuuma kidogo mpaka yale ya kuua. Bungoma nilipita bila kushuka kwako. Nilikuwa nimekukasirikia.

Port Victoria nikauliza mzee wa boti ya tanga, na kumbe kila mtu anamjua. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama mimi ndiye mke wake, yule mfupi. Nikamwuliza mfupi kulingana na nani. Akacheka sana, akasema mzee anawaambia kila siku ati mke wake yuko njiani. Njiani! Tangu mahindi yapandwe mimi niko njiani na sina habari.

Nilimkuta Gathii akipaka rangi. Amekonda, lakini amekuwa mweusi vizuri. Aliponiona alisimama akasema, "Umefika." Basi. Nikaanza kazi niliyotumwa. Wale mama wa omena wakaacha samaki, wakakaa kusikiliza kama wako kwa mkutano wa chifu. Mzee akasema jua ni kali, nikamgombeze ndani. Nikamkumbusha mguu wangu nilisema nini. Akasema anakumbuka, lakini mdomo ndio ulisema, mguu haukusema kitu.

Unalijua goti langu. Kupanda kwa gari lazima mtu anisukume kama gunia la viazi. Nilijua nitaaibika. Nikainua mguu, ngazi ikawa iko pale pale mguu ulipofika. Nikainua mwingine, iko. Nikaingia kama mtu anayeingia kwake.

Sasa sikiliza. Mimi ni mke wa fundi. Kitale nzima, nyumba za watu wakubwa zina kabati za Gathii. Zangu ziko wapi? Nimepika kwa mawe matatu nikiinama mpaka mgongo ukaharibika, halafu akaniletea meza iliyotupwa na ofisi, ya watu warefu, nikawa nakanda unga nikiwa nimesimama juu ya debe kama jogoo anayetaka kuwika. Nilimwambia mara ngapi anitengenezee jikoni? Kila mara ni kesho. Fundi ni mtu wa kesho.

Ndani ya ile boti nilikuwa nimefungua mdomo kuendelea na hotuba, na mkono ukaenda wenyewe kwa meza ya kupikia. Kiwiko kikakaa. Hakikupanda, hakikushuka, kilikaa tu. Nikanyosha mkono juu bila kutazama, chumvi iko. Nikaketi kwa benchi, na miguu yangu yote miwili ikagusa chini, mimi ambaye kanisani miguu inaning'inia kama ya mtoto wa sande skuli. Hata jiko amelitundika kwa vyuma, boti ikilala upande sufuria inabaki imesimama.

Nikageuka nimwangalie. Unajua vile Gathii ni mrefu, mtu wa kuinamia milango ya wengine. Alikuwa amejikunja pale kama anasalimia mtoto. Kwa paji lake la uso kuna alama za kugongwa, za zamani na za jana. Ndani ya boti yote hakuna mahali anaweza kusimama wima. Amekaa humo tangu kupanda, peke yake, kwa nyumba ambayo si ya kimo chake.

Hotuba ilipotea yote, ya kuuma na ya kuua. Kile nilichosema ni kwamba sufuria amezipanga kama mwanaume. Akasema basi nizipange. Nikazipanga. Tulipokuwa tukila ndipo nilimwuliza kwa nini hakuniita. Akasema niliapa mbele ya watu, na yeye si mtu wa kumlazimisha mke wake avunje kiapo chake kwa simu. Aliona heri ajenge, angoje. Na nisingekuja je? Akasema angeendelea kuinama. Nikamwambia yeye ni mjinga. Alikubali, akaniongezea samaki.

Kesho yake tukaenda Mageta, kisiwa unachokiona ukisimama ufuoni. Kwanza nilitapika chakula chote cha mwezi huu, na wewe usicheke. Halafu upepo ukaja na mawimbi, Gathii akanipa usukani nishike huku yeye anavuta kamba, ananipigia kelele na mimi namrudishia. Tanga lilifura kama tumbo la mtu siku ya Idi. Nikasema leo tunakwisha. Nikatazama juu nikaona mshono wako, ule unaourudia mara mbili, nikajiambia kama Mama Farid alishona akiwa na hasira, na lini hana hasira, tutafika. Na tulifika. Hakuna uzi mmoja uliotoka. Wavuvi walituona tukiingia, bibi kizee ameshika usukani na kitambaa kimeruka, wakapiga mbinja. Mama Farid, sijawahi kupigiwa mbinja tangu niolewe. Asante kwa huo mshono.

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi huku. Kwa asubuhi ambayo hakuna jogoo wa Kinyua. Kwa samaki mbichi. Kwa mzee ambaye hakuniacha, ingawa angeweza kusema hivyo kwa mdomo kama binadamu wengine.

Munene amepiga simu akauliza baba anarudi lini. Nikamwambia ukweli, nakuambia na wewe: nilitumwa kumrudisha, na sirudi mwenyewe. Tutakuja Matisi kuvuna, kwa sababu mimi si kichaa wa kuachia kunguru mahindi yangu, halafu tunarudi majini. Nikamwambia akitaka kupasua boti alete lori lake, lakini ajue kwanza kuna mtu amekalia hizo mbao, na huyo mtu ndiye aliyemzaa. Akaanza tena tutazikwa wapi. Nikamwambia tukifa atatuambia yeye, kwa sasa tunaishi. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya utotoni, kama kuna mahali mtu anaweza kulala akija kutembea. Nikamwambia apunguze urefu kwanza.

Haya, Mama Farid. Tumefika kwako.

Siku ile unanipima gauni la kijani, boti ikiwa bado inajengwa, ulinipima kifua na kiuno, sawa. Halafu ukanipima kiwiko mpaka chini. Ukanipima goti mpaka chini. Ukaniambia niketi, ukapima. Ukaniambia ninyoshe mkono juu kama polisi anayesimamisha magari, ukapima. Nikakuuliza ni gauni gani hilo la kupimwa mpaka kwa sakafu, ukanijibu bila aibu, pini mdomoni, ati ndiyo fasheni ya Nairobi. Nikaamini! Nilipomwuliza Gathii alijuaje kimo changu namna hiyo, alicheka, akasema nimwulize aliyeshona tanga.

Kwa hivyo ulijua. Nilikuja kwako wakati wa palizi nikalia juu ya vitambaa vya watu, nikasema mzee ameniacha, na wewe ulijua, na ulinipa chai ya tangawizi ukaniambia tu nikaione hiyo boti kwanza. Nilitoka nikisema huyu si rafiki. Sasa naona ulikuwa umeapa kwa Gathii, na Gathii alikuwa anangoja nivunje kiapo changu, na sisi wote watatu na vichwa vyetu ngumu karibu tuharibu kitu kizuri. Ungeniambia! Lakini pia, ungeniambia, ningekuja huku nikijua, na mkono wangu haungeenda wenyewe kwa ile meza. Kwa hivyo nakugombeza na nakushukuru, chagua la kuanza nalo. Mimi siri ingenitoka kabla chai haijachemka.

Nina ombi. Gauni la kijani limepasuka kwa msumari, na kupanda ngazi nimevaa gauni, upepo ukiwa na tabia mbaya, si jambo la mwanamke wa umri wangu. Nishonee suruali. Ndiyo, umesoma vizuri. Kitambaa kigumu, kiuno cha lastiki, mfuko mkubwa wa kisu na leso. Kina mama wa kanisa wakikuuliza, sema ni ya Gathii. Wakisema mbona ni fupi, sema ndiyo fasheni ya Nairobi.

Gathii anasalimia nyumba yote, na anamwambia Mzee Hashim ale dawa aje tumpeleke Mageta, benchi la mgeni lipo. Nilianza na salamu za kwenu, sasa nakuachia za kwetu: Mungu akulinde, wewe na watu wako, na mkono wako usichoke.

Suruali mpe mtu wa mabasi ailete. Usiniite Bungoma kupimwa. Vipimo unavyo.

Ni mimi mwenzako wa vitunguu,
Wakonyo, Mama Munene